Mchezo wa Manowari Unapokwama Mezani: Dalili, Chanzo na Dawa

Mwongozo huu ni wa waliokwisha kucheza michezo ya ubaoni ya vita vya majini. Kama bado unachanganya omo (mbele ya chombo) na tezi (nyuma yake), au hujawahi kuandika amri za meli sita kwa siri ukasubiri mwenzako afunue zake, cheza kwanza pambano la meli mbili, kisha urudi. Ninaowaandikia ni wale ambao sanduku lao la mchezo limeshachanika pembeni, jedwali la mizinga wanalijua bila kufungua kitabu, na bado kila Jumamosi kuna kitu kinakwenda kombo katikati ya vita.

Sisi tunachezea Kirumba, Mwanza, kwenye baraza inayotazama ziwa. Tunacheza merikebu za matanga, tunacheza manowari za chuma za vita kuu mbili, na tuna pambano letu wenyewe la Ziwa Victoria la 1914 hadi 1916. Jambo nililojifunza kwenye baraza hiyo ni kwamba mchezo ukikwama, wachezaji wazoefu hukimbilia kubadili kanuni, na karibu kila mara kanuni haina kosa. Kosa liko mezani: upepo umesahaulika, amri zimeandikwa kwa kuchunguliana, meli zimepangwa kwa rula. Kwa hiyo kabla hujaongeza kanuni ya nyumbani, kagua haya.

Upepo upo kitabuni, mezani haupo

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika mapambano ya matanga, nami nitakaa nalo.

Utalitambua hivi. Pande zote mbili zinasogea moja kwa moja kwenda katikati ya ubao. Hakuna anayegombea upande. Baada ya mizunguko minne mtu anauliza, "Hivi upepo unatoka wapi?" na watu wawili wanaonyesha pande mbili tofauti. Mwisho wa siku anashinda mwenye dadu nzuri.

Kagua kwanza mshale wenyewe wa upepo. Kwenye masanduku mengi ni kikaratasi kidogo kinachokaa kwenye kona ya ubao, na kona hiyo hiyo ndiyo watu wanapotua vikombe vya chai. Sisi tulichonga mshale wa mbao wa urefu wa kiganja, tukaupaka rangi nyekundu, tukautegesha juu ya kichupa katikati ya upande mrefu wa meza. Anayerusha dadu ya upepo anaugeuza kwa mkono wake na kutamka kwa sauti: "Upepo unatoka kaskazini magharibi, wa wastani." Ni jambo dogo, lakini tangu tuanze kutamka sijasikia tena ugomvi wa nani alidhani nini.

Kagua pili umbali wa kuanzia. Mkianza mkiwa vyumba kumi tu vya ubao kutoka kwa adui, hakuna muda wa kugombea upande wa joshi, yaani kule upepo unakotoka. Anzeni vyumba thelathini, hata kama mizunguko sita ya kwanza haitalia mzinga hata mmoja. Mizunguko hiyo ndiyo vita yenyewe. Aliye joshini ndiye anayechagua saa ya kupigana, na moshi wa mizinga unamwendea adui usoni. Lakini mwelewe pia kwa nini manahodha wengi, hasa wa Kifaransa, waliridhika kuwa demani, yaani kule upepo unakoelekea. Upepo ukiwa mkali meli zote zinalala upande mmoja. Aliye joshini analalia ubavu ule ule unaomtazama adui, na madirisha ya mizinga yake ya chini yanakaribia maji hadi pengine ayafunge. Aliye demani ubavu wake wa vita umeinuka. Tena meli yake ikivunjika mlingoti inaweza kuteleza na upepo ikatoka vitani, wakati ya joshini ikivunjika inasukumwa kuelekea kwa adui. Mchezaji ambaye hajawahi kuchagua demani kwa makusudi bado hajaumaliza mchezo huu.

Kagua tatu jedwali la mwendo, na hapa ndipo wazoefu wanapokosea kwa sababu wanalisoma kwa kumbukumbu. Dira ya mabaharia wa zamani iligawanywa alama 32, kila alama nyuzi 11.25. Merikebu ya matanga ya mraba haikuweza kuukaribia upepo zaidi ya alama sita hivi, ambazo ni nyuzi 67.5. Kwenye ubao wa vyumba vya pembe sita, kila mgeuko ni nyuzi 60. Kwa hiyo mgeuko mmoja kutoka kwenye jicho la upepo ndio mwisho wa uwezo wa chombo, na hata hapo kinatambaa. Anayeelekeza omo kwenye upepo na kuendelea na mwendo amevunja kanuni, hata kama hakuna aliyemwona.

Kosa jingine la jedwali hilo hilo ni kudhani upepo wa nyuma kabisa ndio wa kasi kuliko wote. Ukija tezini moja kwa moja, matanga ya mlingoti wa nyuma yanaziba ya mbele, nayo ya mbele yanapwaya. Kasi kubwa inapatikana upepo ukija nyuma kwa upande, matanga yote yakashiba.

Haya niliyaelewa vizuri siku mzee mmoja, aliyewahi kuendesha jahazi la mizigo kati ya Mwanza na Ukerewe, alipopita barazani. Tulimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akasimama nyuma ya kiti changu akitazama kimya. Kisha akanyoosha kidole kwenye merikebu yangu ya mizinga 74.

"Chombo hiki kinakwenda wapi?"

"Kule, babu. Kwa adui."

"Na upepo?"

Nikamwonyesha mshale mwekundu. Akaokota kete yangu kwa vidole viwili, akaigeuza omo kushoto, akaisogeza vyumba viwili, akaigeuza kulia, akaisogeza viwili tena, akairudisha kushoto. "Unabisha hivi. Na kila unapogeuza, njia inapotea. Mwenzako aliyetulia pale anakungoja tu." Akaniomba picha ya meli yenyewe. Alipoyaona matanga akatikisa kichwa. "Haya ni ya mraba. Langu lilikuwa la pembe tatu, linauma upepo kuliko hili. Hiki chako ni kizito, wala usikilazimishe."

Tangu siku hiyo, anayebisha, yaani anayeupanda upepo kwa kugeuza kushoto na kulia, kwenye meza yetu haruhusiwi kuhesabu njia kwa macho. Anasogeza kete chumba kwa chumba, kila mgeuko unalipiwa, na meli iliyoshindwa kugeuka inabaki imekwama omo ikitazama upepo hadi mzunguko unaofuata.

Mwisho katika hili, kama upepo wenu haubadiliki pambano zima, angalieni kama mnasahau kurusha dadu yake. Sisi wa ufukweni hatuna kisingizio. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na wavuvi wa matanga wanapanga saa zao kwa mabadiliko hayo. Mapambano yanayochezwa karibu na pwani yapeni mgeuko wa namna hiyo, nanyi mtaona manahodha wakianza kutazama saa.

Kikao kinakula siku nzima na hakimaliziki

Chanzo mara nyingi ni mtu mmoja kushika meli nyingi. Mchezaji mzoefu anaweza kuandikia amri meli tatu au nne bila kuchelewesha wenzake. Mpe kumi na mbili, kila mzunguko utakuwa robo saa. Kama watu hamtoshi, punguzeni meli. Msimwongezee mtu mzigo.

Chanzo kingine ni mashauriano. Wachezaji watatu wa upande mmoja wanainamiana, wananong'ona, wanapanga kila chumba. Hakuna amiri aliyewahi kupata nafasi hiyo. Alikuwa na bendera za ishara tu, moshi ukizifunika hana hata hizo. Wekeni simu mezani, dakika tatu za kuandika, na baada ya mzinga wa kwanza kulia hakuna kuongea isipokuwa ishara moja kwa kila mzunguko, ya maneno matatu, iliyoandikwa kwenye kikaratasi kinachoonekana na wote, adui akiwemo. Mtaona mambo mawili kwa pamoja: mchezo unakimbia, na meli zinaanza kukosana kama zilivyokosana kweli.

Kuhusu dadu, rusheni zote za meli moja kwa mkupuo, za rangi tofauti. Basi.

Pambano la Trafalgar: Nelson hafiki

Kila kundi ninalolijua limekutana na hili. Mnapanga Trafalgar ya tarehe 21 Oktoba 1805, Waingereza meli 27 za mstari, yaani manowari kubwa za kupigana zikiwa zimepangana, Wafaransa na Wahispania 33. Nelson, amiri wa Uingereza, anakuja kwa safu mbili, omo mbele, bila kuweza kujibu mizinga. Kabla hajafika, meli yake Victory imekuwa gogo, na Royal Sovereign ya msaidizi wake Collingwood imeshashusha bendera, yaani imesalimu amri. Mnaanza kusema mchezo umekosewa hesabu, na kuna atakayependekeza kuwaongezea Waingereza nguvu za mizinga.

Msiongeze. Kagueni mpangilio kwanza. Nina hakika mmewapanga Wafaransa na Wahispania mstari mmoja ulionyooka. Asubuhi ile amiri wao Villeneuve alikuwa amegeuza meli zake kurudi kaskazini kuelekea bandari ya Cadiz, kwa upepo hafifu na mawimbi mazito yanayokuja kutoka baharini. Mgeuko huo uliuvuruga mstari. Ukapinda kama mundu, mahali pengine ukawa na mapengo, mahali pengine meli zikajipanga mbili mbili moja ikiziba mizinga ya nyingine. Mkipanga hivyo, idadi ya meli zinazoweza kumpiga Nelson akiwa njiani inapungua sana bila kugusa jedwali.

Kisha kagueni mabaharia. Meli za Ufaransa zilikuwa zimefungiwa bandarini muda mrefu na manowari za Uingereza, na mpiga mzinga hajifunzi kulenga meli ikiwa imefungwa gatini. Wahispania walijaza nafasi kwa askari wa nchi kavu na watu wasiojua bahari. Meli ikiyumba kwenye mawimbi ya namna ile, kulenga mbali kunahitaji mkono uliozoea. Kama kanuni zenu zina daraja za mabaharia na mlizipuuza ili kuharakisha, mmetoa kitu kilichoamua vita hivyo. Na kama mnatumia ile nyongeza ya mzinga uliojazwa kwa utulivu kabla ya vita, kumbukeni ni ya mara moja. Mchezaji anayeichoma kwa umbali mrefu asipewe tena karibu.

Tatu, kundi la mbele la Wafaransa na Wahispania, chini ya Dumanoir. Wachezaji wanaoshika meli hizo huzigeuza mzunguko wa pili tu kwa sababu wanaona ubao wote. Dumanoir alichelewa kwa masaa. Upepo ulikuwa hafifu kiasi kwamba kugeuza kulikuwa kazi, na ishara hazikumfikia au hakuzifuata mapema. Kundi hilo lisisogezwe kuja vitani mpaka litakapopewa ishara, na ishara ipite kwenye dadu.

Hata mkirekebisha yote hayo, Victory itaumia njiani. Ndivyo ilivyokuwa. Usukani wake ulivunjwa kwa risasi kabla haijaupenya mstari, ikabidi waiendeshe kutoka chini kwa kuvuta mkono wa msukani wenyewe. Mchezaji wa Uingereza anatakiwa afike akiwa amejeruhiwa. Malipo yake ni yale yanayofuata.

Yanayofuata ni pigo la tezi, na hapa ndipo ugomvi wa pili wa Trafalgar unapozuka. Ubavu wa merikebu ni ukuta wa mbao nene. Tezi yake ni madirisha na mapambo. Tufe likiingia pale linasafiri urefu wote wa sitaha, linavunja mizinga na watu hadi omo. Victory ilipopita nyuma ya Bucentaure ya Villeneuve ilifanya hivyo kwa mizinga ya ubavu mzima, kwa karibu sana. Mezani watu wanabishana kama meli "iko nyuma kabisa" au "nyuma kidogo kwa upande". Dawa ni uzi. Bana uzi mweusi katikati ya kete inayopiga, uvute hadi katikati ya kete inayopigwa, na uangalie unaingilia upande gani wa chumba. Ukiingilia upande wa tezi, ni pigo la tezi. Ukipita juu ya kona, mpigaji hapewi. Tuliamua hivyo mara moja tukaandika ndani ya kifuniko cha sanduku, na uzi wenyewe unakaa humo umeviringwa kwenye njiti ya kiberiti.

"Meli hazizami!"

Katika mapambano ya matanga hili si tatizo. Mbao zinaelea. Meli hizo zilishindwa kwa kupoteza watu, milingoti na ari, zikashusha bendera au zikavamiwa. Trafalgar nzima, meli moja tu ndiyo iliyoangamia vitani papo hapo, Achille ya Ufaransa, nayo ni kwa moto uliofika kwenye baruti ikalipuka. Nyingi zilizotekwa zilipotea baadaye kwenye dhoruba. Kwa hiyo mkihesabu ushindi kwa meli zilizozama mtakaa hadi usiku. Hesabuni bendera zilizoshushwa, na jiulizeni kama dhoruba ya baada ya vita imo kwenye hesabu yenu ya mwisho.

Manowari za chuma ni habari nyingine. Katika vita vya Jutland kati ya Waingereza na Wajerumani, tarehe 31 Mei 1916, manowari za Uingereza Indefatigable, Queen Mary na Invincible zililipuka moja baada ya nyingine.

Pigo moja la bahati limeharibu pambano zima

Malalamiko haya ni ya haki, lakini dawa inayopendekezwa kila mara, ya kufuta jedwali la mapigo maalumu, ni mbaya.

Hapa Mwanza kila mtu anaujua mwamba wa Bismarck unaosimama majini karibu na gati, na wageni wa meza yetu wakisikia jina hilo kwenye mchezo huuliza kama ni habari moja. Jina ni la kansela yule yule wa Ujerumani. Manowari iliyopewa jina lake iliizamisha Hood ya Uingereza tarehe 24 Mei 1941. Katika watu 1,418 waliokuwemo walipona watatu. Siku mbili baadaye ndege za Uingereza za Swordfish, za mabawa mawili mawili yaliyovikwa kitambaa, zilitoka kwenye meli ya ndege Ark Royal, na topido moja ikaipiga Bismarck tezini, usukani ukakwama. Haikuweza tena kushika njia. Asubuhi ya tarehe 27 ilizamishwa. Moja ya manowari nzito zaidi walizokuwa nazo Wajerumani wakati huo iliharibikiwa na pigo moja mahali padogo. Ukifuta jedwali hilo umefuta historia.

Tatizo halisi ni kwamba mnacheza pambano moja na kulihesabu kama hukumu. Chezeni mawili, mkibadilishana pande, mkijumlisha pointi. Au toeni pambano lisilotegemea meli moja, maana palipo na meli kumi na mbili usukani mmoja kukwama ni habari ya kusikitisha lakini vita vinaendelea. Tena kagueni mwendo wa urekebishaji. Makundi mengi husahau kwamba mabaharia wanaruhusiwa kujaribu kutengeneza kila mzunguko, kwa hiyo hitilafu ya muda inakuwa ya milele.

Kila mtu anaona kila kitu

Meli zikiwa wazi juu ya ubao, mchezaji wa pambano la usiku au la nyambizi anacheza kama malaika. Anajua adui yuko wapi kabla ya mlinzi wa mlingotini. Dalili yake ni kwamba doria hazitumwi, kwa kuwa hazina kazi.

Walioliona tatizo hili na kulitibu vizuri kuliko wote walikuwa Liverpool, Uingereza. Mwanzoni mwa 1942, Kapteni Gilbert Roberts alianzisha kitengo cha kufundisha maofisa wa meli za ulinzi namna ya kupambana na nyambizi za Wajerumani Atlantiki, na waliouendesha mchezo huo kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake vijana wa jeshi la maji. Sakafu ilikuwa ndiyo bahari. Ofisa anayecheza aliwekwa nyuma ya pazia lenye tundu, akaona kile tu ambacho angekiona kutoka kwenye daraja la meli yake. Njia za meli zilichorwa kwa chaki sakafuni, na ya nyambizi ilichorwa kwa rangi ya kijani isiyoonekana vizuri kutoka nyuma ya lile pazia. Katika michezo hiyo zikatoka mbinu zilizokwenda kutumika baharini, ya kwanza ikiitwa Raspberry.

Sisi hatuna sakafu kubwa. Tuna kanga mbili na kamba ya kuanikia nguo. Tunatundika kanga katikati ya meza, kila upande na ubao wake, na mwamuzi peke yake anatembea pande zote mbili akiwa na ramani ya kweli. Dada mmoja mwalimu wa hesabu ndiye mwamuzi wetu mkali. Hatoi neno zaidi ya linaloonekana. Ukimuuliza, "Dada, ile ni meli gani?" atakujibu, "Moshi. Kusini. Mwingi." Kazi hiyo inataka mtu anayeipenda, kwa hiyo msimbebeshe anayetaka kucheza. Na mwamuzi akichoka, simamisheni pambano. Makosa yake hayawezi kurudishwa nyuma, kwa sababu hakuna mwingine anayejua ukweli.

Kete zinahama zenyewe

Baraza la ufukweni lina raha na lina adhabu. Upepo wa alasiri kutoka ziwani unabeba kete za karatasi, na unyevu wa msimu wa mvua unazikunja kama maganda. Zibandikeni juu ya vipande vya vigae vya sakafu au mbao nyembamba, ziwe na uzito. Zilizokwisha kukunjwa zilaze chini ya vitabu usiku mbili, zitanyooka kiasi. Ubao wa karatasi funikeni kwa kioo au nailoni ngumu iliyobanwa pembe nne.

Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu wakifuata taa, wakati wao ukifika, ingieni ndani mapema. Nimewahi kuona mstari mzima wa vita ukifagiliwa na mkono uliokuwa unafukuza wadudu. Pigeni picha ya ubao kila mwisho wa mzunguko. Picha hiyo pia inawaokoa umeme ukikatika.

Pambano la Ziwa Victoria: Mwingereza anashinda kila mara

Hili ni letu, na ndilo lililotuchosha na kutufundisha kuliko mengine. Katika matoleo ya mwanzo upande wa Uingereza ulishinda mfululizo. Wana stima nyingi: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na nyinginezo. Mjerumani ana Muansa, stima ndogo ya kuvutia matishari, na vyombo vidogo. Anayeshika Ujerumani alikuwa anakata tamaa kabla ya chai.

Tulikagua tena kwa utaratibu huu huu, mezani kwanza. Tukagundua tulikuwa tumezipa stima zote za Uingereza mizinga tangu mzunguko wa kwanza. Zilikuwa meli za abiria na mizigo. Mizinga ilifungwa baadaye, vita vikiwa vimeshaanza. Septemba 1914 Winifred ilipofika Karungu ilimkuta Muansa, ikalazimika kurudi nyuma, na ikaja tena ikifuatana na Kavirondo. Tulipozinyima silaha kwa mizunguko ya mwanzo, Muansa ikawa mnyama wa kuogopwa, kama ilivyokuwa.

Pili, miamba. Tulikuwa tumechora ziwa kama karai la maji. Mwishoni mwa 1914 Sybil ilipanda mwamba upande wa Majita ikaachwa hapo, na Waingereza wakaja kuiokoa mwaka uliofuata. Tukaweka alama za miamba kifudifudi kando ya visiwa vyote, na meli ya kina kirefu inayopita karibu inafunua.

Tatu, na hili lilitoka kwa kijana mmoja mgeni aliyetazama mara mbili tu akauliza, "Kaka, hizi meli zinapata wapi watu na risasi?" Kisumu kulikuwa na reli iliyofika tangu 1901. Mwanza haikuwa na reli hadi 1928. Mzigo wa Mjerumani ulishuka Tabora na kuja huku kwa miguu na vichwa vya wapagazi. Tulidhani kuingiza hilo kutamkandamiza Mjerumani zaidi. Kinyume chake, limempa kitu cha kuamua. Hana meli za kupoteza, kwa hiyo hachezi vita vya meli. Anacheza vya muda na kujificha, akiwashika Waingereza kwenye maji haya wasiende kwingine. Tukaacha kuhesabu ushindi kwa meli. Sasa tunahesabu miezi. Uvamizi wa Bukoba wa tarehe 22 na 23 Juni 1915, ambapo mlingoti wa redio uliangushwa, ni pointi kwa Mwingereza. Lakini kila mwezi bendera ya Ujerumani inaopepea Mwanza ni pointi kwa mwenzake, hadi tarehe 14 Julai 1916, siku mji ulipotekwa. Akiushikilia kupita siku hiyo, ameshinda.

Jumamosi iliyopita tulifika Agosti 1916. Muansa ilikuwa imelala nyuma ya kisiwa kusini mwa Ukerewe, boila zimezimwa, upande wa pili wa kanga. Nilizunguka na Winifred mizunguko mitatu nikimuuliza mwamuzi kila mara ninaona nini, naye akanijibu kila mara, "Maji."